Lawino Hasemi "Saa Nane na Nusu"

Jumamosi moja ya mvua, binti niliyemfundisha Kiswahili sekondari alinijia nyumbani, Kampala, na daftari la kurasa 96. Alikuwa amelijaza mpaka ndani ya jalada la nyuma. Ameandika hadithi ya shabiki: kamchukua Lawino, mke wa Ocol katika shairi refu la Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi wa Uganda, kamleta katika zama zetu. Lawino huyu anaishi kijijini, mwendo wa bodaboda kutoka Gulu mjini. Ana simu ndogo yenye tochi. Ocol yuko Kampala na Clementine, mke wake wa pili, na siku hizi haji nyumbani, anatuma pesa kwa simu. Pesa zinafika, mume hafiki. Wazo hilo lilinishika tangu ukurasa wa kwanza, maana ni kilio kilekile cha Lawino, na hakuna anayeishi Uganda ya leo asiyejua mke wa namna hiyo.

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea tu. Ukurasa wa nne ikabidi niitumie. Lawino amekwenda kwa wakala kutoa pesa, mtandao umekata, naye anamwambia kijana wa kibandani: "Basi nitarudi saa nane na nusu kamili."

Nikazungushia duara.

"Mwalimu, hapo nimekosea sarufi?"

"Sarufi haina neno, mwanangu. Ila aliyesema hapa si Lawino."

Alinyamaza kidogo, kisha akatoa jibu ambalo kila anayeandika hadithi za mashabiki analo karibu: dunia imebadilika. Mwanamke mwenye simu ana saa mkononi, iko palepale kwenye kioo, kwa nini asiisome? Hoja hiyo si nyepesi, na nimekaa nayo wiki kadhaa kabla ya kuandika haya.

Nianze na shairi lenyewe. Lilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, matini ya Kiacholi ikachapwa 1969, na mwaka 1975 Paul Sozigwa akatupatia Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili. Ndani yake kuna sehemu nzima inayohusu wakati. Ocol ameleta nyumbani saa kubwa inayogonga, na kila siku anamgombeza mkewe kwa kutojua kuisoma. Lawino hajitetei kwa kuomba radhi. Anamweleza jinsi watu wake wanavyoijua asubuhi, jua la utosi na jioni, na kwamba mtoto hunyonyeshwa anapolia, hangoji mshale ufike mahali fulani. Kutosoma saa, kwa Lawino, ni hoja. Ni moja ya silaha chache alizo nazo mbele ya mume aliyesoma. Sasa ukimtia mdomoni "saa nane na nusu kamili" bila maelezo yoyote, umemnyang'anya silaha ile na kumpa Ocol ushindi ambao hakuupigania.

Ndiyo maana sikuhangaika na simu. Simu ni tukio. Okot hakuandika simu ya mkononi kwa kuwa mwaka 1966 haikuwapo, na anayemwandika Lawino wa leo hawezi kuikwepa, kwani hata kijiji kisicho na lami kina wakala wa pesa za simu. Tukio nalihesabu kuwa mali ya kila mwandishi. Hamisha nyumba, ongeza watoto, mpeleke mhusika Dubai akafanye kazi za ndani, hiyo ni haki yako. Mtu mwenyewe, namna anavyoyapokea yanayompata, huyo ni amana uliyopewa na hadithi mama. Na mtu anaweza kubadilika, bila shaka. Lawino anaweza kujifunza kusoma saa. Lakini nionyeshe siku aliyojifunza, nani alimfundisha, na kilimgharimu nini kukubali kwamba Ocol alikuwa na neno. Hadithi hiyo ningeisoma usiku kucha. Kumkuta tu amekwisha badilika, kana kwamba kabadilishwa na fundi wa simu pamoja na betri, hiyo ndiyo inayoniuma.

Kosa la pili kwenye daftari lilikuwa kubwa kuliko la saa, nalo nimelikuta kwa waandishi wengi. Lawino wa binti huyu alikuwa akiwaka kwa sababu mumewe ana mwanamke wa pili. Kurasa sita za hasira: kwa nini hakutosheka na mimi, kwa nini aoe tena, ndoa ni ya watu wawili. Nikamwuliza aliyapata wapi. Akasema, "Lakini Mwalimu, si ndicho anacholalamikia?"

Hapana. Fungua shairi. Lawino anasema bayana kwamba hamzibii mumewe njia ya kwenda kwa mke mwingine. Katika malezi yake, mume kuwa na wake wawili si jambo la kumshtua, na anajua hata namna ya kushindana na mke mwenza kwa heshima, kwa upishi na kwa moyo mkunjufu. Kinachomchoma ni dharau. Ocol anamwita mshamba, anawatukana wazazi wake, anamwambia hafai kwa kuwa hajui dansi za wazungu wala kupika kwa jiko la umeme. Wivu upo, mimi sisemi haupo, maneno anayomtupia Clementine yamejaa wivu. Lakini mashtaka anayoyapeleka mbele ya ukoo ni ya kudharauliwa. Aliyeandika zile kurasa sita aliandika uchungu wa mtu mwingine, pengine shangazi yake, pengine jirani, akaubandika jina la Lawino.

Na kuna kosa la tatu, ambalo ni ndugu wa hilo: kumfanya Lawino adui wa kila kitu kigeni. Waandishi wangapi wamemgeuza kuwa bango la utamaduni, mwanamke anayetema mate akiona kiberiti? Lawino wa Okot anasema kwamba desturi za wageni hazielewi, ila hazidharau. Anachouliza ni kwa nini mumewe azidharau za kwao. Tofauti hiyo nyembamba ndiyo roho ya shairi zima. Ukiikosa, una mwanamke mkali wa kijijini, na wakali wa vijijini tunao wa kutosha katika tamthilia za redio.

Nimesema amana, na neno hilo linaweza kuwatisha vijana wakadhani namaanisha wasiguse kitu. Basi tumtazame Okot mwenyewe alivyogusa. Mwaka 1970 alimpa Ocol nafasi ya kujibu kwa shairi lake mwenyewe, Song of Ocol. Alikuwa huru kabisa kutushangaza. Angeweza kumfanya Ocol mtu mpole aliyesingiziwa, na wasomaji tungemwamini, kwa kuwa hadi hapo tulikuwa tumemsikia kwa kinywa cha mkewe tu. Hakufanya hivyo. Ocol aliyejitokeza mwaka 1970 ni yuleyule: mwenye dharau, mwenye haraka ya kubomoa, anayeiona jana yote kama takataka. Lakini tunamwona kwa ndani, na kwa ndani kuna hofu na aibu ambazo Lawino asingeweza kuziona kutoka jikoni kwake.

Kisha angalia boga. Katika wimbo wa Lawino kuna methali ya Kiacholi inayorudi mara kwa mara, kwamba boga la kwenye gofu la zamani haling'olewi. Miaka minne baadaye Ocol analiona boga lilelile katika gofu la bondeni, sasa limeoza, limejaa wadudu, naye anasema bonde lote litalimwa na maboga yatageuzwa mbolea. Okot hakuleta embe wala mnazi. Alirudi kwenye kitu kilekile, akakitazama kwa jicho la mtu mwingine, na kitu kikabadilika bila kuacha kuwa kile. Nikitaka kumwonyesha kijana uaminifu kwa hadithi mama unavyofanya kazi, sina mfano ulio bora kuliko boga hilo.

Wala Okot hakuwa peke yake. Mwaka 1969 Joseph Buruga, Mganda huyu wa nchi na si wa kabila, alitoa The Abandoned Hut, shairi refu lililofuata nyayo za Lawino waziwazi, ila mlalamikaji akawa mwanamume. Waandishi wa namna hiyo wachambuzi wamewaita shule ya Okot. Mimi nasema hao walikuwa mashabiki walioandika, kabla jina hilo halijafika kwetu. Na Okot mwenyewe, alipojitafsiri kwa Kiingereza, alikiri kwamba amempunguza tai mabawa. Mwandishi Taban lo Liyong hakuridhika na tafsiri hiyo, akarudi kwenye Kiacholi na kutoa tafsiri yake mpya mwaka 2001. Kwa hiyo hata mwenye shairi hakuweza kutukabidhi lilelile katika lugha nyingine. Kijana wa Kampala anayeandika kwa Kiswahili anaingia katika mnyororo ambao tayari una viungo vingi.

Lugha, hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Katika daftari lile Lawino aliapa "Wallahi," akakataa kwa "la hasha," na siku ya wageni akapika samaki wa kupaka. Samaki wa kupaka, kwa nazi, Acholi! Nilielewa ilivyotokea. Kiswahili chetu Uganda kina njia zake: wengine tulikipata kambini na barabarani, wengine sokoni Arua, na tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, wanafunzi wengi zaidi wanakutana nacho vitabuni. Vitabu vingi hivyo vimeandikwa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar. Kwa hiyo mtoto wa Arua akitaka mhusika wake azungumze Kiswahili kizuri, anamkopesha maneno ya pwani, na pamoja na maneno hayo zinakuja dini ya pwani, samaki wa pwani na minazi.

Sisemi Lawino aongee Kiswahili kilichovunjika ili tumwone ni wa kaskazini. Hiyo ni dharau, na ni dharau ya Ocol hasa. Katika lugha yake Lawino ni fasaha kuliko kila mtu katika shairi. Mumewe mwenye digrii hamfikii hata nusu. Alikuwa mkuu wa wasichana wenzake, na mtu hapewi ukuu huo akiwa hajui kusema. Basi apewe Kiswahili kilichonyooka, chenye upatanisho wa ngeli usio na doa, lakini picha zake zitoke alikotoka: mtama, simsim, chui, twiga, mboga ya malakwang inayochachua ulimi, vumbi la uwanja wa ngoma. Twiga, anasema Lawino, hawezi kugeuka tumbili. Sentensi hiyo inasimama kwa Kiswahili bila kuongezewa chumvi ya bahari.

Binti akanibana kwa swali zuri. "Mbona VJ anampa mpiganaji wa Kichina jina la Kiganda, anamfanya anunue rolex kandokando ya barabara, na kibanda kizima kinashangilia?"

Kwa msomaji asiye wa Uganda nieleze. Rolex yetu si saa, ni chapati iliyoviringishwa na mayai. Katika vibanda vyetu vya filamu, vile vya mabenchi ya mbao na televisheni moja mbele, VJ hushika kipaza sauti akazungumza juu ya filamu ya kigeni kwa Luganda. Anatafsiri, anaongeza, anawatania wahusika, anatuonya adui yuko nyuma ya mlango. Sanaa hiyo imekua mpaka Nabwana wa Wakaliga, katika filamu yake ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, akaitia sauti ya VJ Emmie ndani ya filamu yenyewe, na watu wa mbali walioipenda hawawezi tena kuifikiria bila sauti ile.

Naipenda kazi hiyo na sikubali iitwe upotoshaji. Lakini jiulize kwa nini VJ anaweza kwenda mbali hivyo. Hadithi mama iko mbele ya macho yetu muda wote. Anasema mpiganaji ananunua rolex, na sisi tunamwona mpiganaji ameshika upanga juu ya paa. Furaha inatoka katika pengo kati ya tunachoona na tunachosikia. Picha inamlinda VJ, haimwachi aibe kitu, kwa kuwa kila kitu kiko palepale kwenye kioo. Mwandishi wa hadithi ya shabiki hana kioo. Mhusika hayupo mahali pengine popote ila katika sentensi zake na katika kumbukumbu ya msomaji. Akiandika "saa nane na nusu kamili," hakuna picha ya Lawino wa kweli nyuma yake ya kutukumbusha. Neno ndilo picha. Kwa hiyo mwandishi anafanya kazi ya VJ na kazi ya filamu kwa pamoja, na lazima asikike mkweli katika zote mbili.

Wengine husema tatizo linakwisha ukiweka bango mlangoni. Katika hazina kubwa ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki, Archive of Our Own, iliyofunguliwa mwaka 2009, kila mwandishi hutanguliza lebo: huu ni ulimwengu mwingine, hapa hadithi imeachana na kitabu baada ya sura fulani, hapa tabia imegeuzwa kwa makusudi. Ni adabu nzuri, na ningependa sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuifuate. Ila lebo inamwambia msomaji kwamba umeamua kuacha njia. Haiwezi kusema hivyo kwa niaba ya mtu ambaye hakuijua njia yenyewe. Binti yule hakuamua kugeuza malalamiko ya Lawino. Alikuwa amesoma shairi mara moja, kidato cha tano, akiharakia mtihani.

Ruhusa ya kisheria nayo ni jambo jingine. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 ilimlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na Okot alifariki mwaka 1982, kwa hiyo anayetaka kuuza kitabu chenye Lawino atafute kwanza wenye haki. Lakini hata ukipewa ruhusa yote, swali langu linabaki. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, alipoulizwa na mwigizaji William Gillette kama anaweza kumwoza Holmes mke jukwaani, alijibu kwamba amwoze, amuue, amfanye apendavyo. Ruhusa pana kuliko hiyo haipo, na bado haimwambii Gillette hata neno moja kuhusu namna Holmes angeposa.

Haya ninayoyadai kwa wengine nilifundishwa kwa kukosea. Miaka mingi iliyopita niliandika mchezo wa shule kutokana na kisa cha Gipir na Labongo, ndugu wa Kiluo. Mmoja alichukua mkuki wa nduguye kumfukuza tembo aliyeingia shambani. Tembo akatoroka nao mwilini. Mwenye mkuki akakataa fidia yoyote, alitaka mkuki uleule, na ndugu akalazimika kuufuata porini mpaka kwa tembo wenyewe. Alirudi nao, na shanga pia. Siku nyingine mtoto mchanga wa yule aliyedai mkuki akameza ushanga mmoja, na sasa mwenye shanga naye akataka uleule. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakaagana karibu na Pakwach, wakazika shoka mtoni, mmoja akabaki mashariki ya Nile, mwingine akavuka magharibi.

Mimi sikuvumilia kifo cha mtoto. Katika mchezo wangu kisu kilizuiwa dakika ya mwisho, ndugu wakakumbatiana, pazia likafungwa kwa ngoma. Wazazi walipiga makofi. Mzee mmoja Mualur, babu wa mwanafunzi, alikuja kunisalimia baadaye. Hakukasirika. Alikuwa amekubali mambo mengi niliyoyabadilisha: nilimweka tembo katika karanga badala ya mtama, niliwapa wake majina, nilimwongeza mganga. Kuhusu hayo hakusema kitu, na kweli wasimuliaji wenyewe hubadilishana hata nani alikuwa mwenye mkuki na nani mwenye ushanga. Aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, kama walipatana, sasa mimi nimefikaje ng'ambo hii ya maji?"

Sikuwa na jibu. Kisa kile kinaeleza kwa nini Waalur wako upande mmoja na Waacholi upande mwingine, wakisikilizana lugha. Nilikuwa nimetoa nguzo nikidhani natoa kiti. Tangu siku hiyo, kabla sijabadilisha kitu katika hadithi ya mtu, najiuliza nani anaishi juu ya kitu hicho.

Lakini kisa hikihiki kinawasema pia walinzi wa hadithi, na hapa sitaki kuwaonea haya. Wapo wanaodai mkuki uleule. Kijana akiandika neno moja ambalo Okot hakuliandika, wanamwambia amemtukana marehemu. Wanataka boga lilelile, saa ileile, uwanja uleule wa ngoma wa mwaka 1966, bila simu wala pikipiki. Nimewaona wakimkatisha tamaa kijana mbele ya darasa zima. Wanapata wanachodai: mkuki unarudi, na mtoto anakufa. Kijana yule haandiki tena kwa Kiswahili, na Lawino anabaki swali la mtihani.

Binti yangu wa daftari hakukata tamaa. Alikwenda sokoni kwa mama mmoja Mwacholi anayeuza siagi ya simsim, akanunua kopo, akaomba aelezwe: kijijini kwenu, bibi yako alipotaka kukutana na mtu, alimwambiaje? Akaandika majibu nyuma ya risiti. Kisha akasoma shairi tena, mara mbili, safari hii kwa sauti. Mwezi uliofuata alileta daftari la pili. Ukurasa wa nne ulikuwa hivi:

"Mtandao hakuna, mama. Rudi saa nane na nusu."

"Sema vizuri, mwanangu. Ng'ombe watakuwa wamekwisha kunywa maji, au bado?"

Kijana akatazama simu yake. Akatoka nje ya kibanda, akatazama kivuli cha mwembe.

"Watakuwa wanarudi," akasema.

"Basi nitakuja na vumbi lao. Na hiyo namba ya siri unayoniuliza, siri ya nani? Mahari yangu ililipwa mbele ya ukoo mzima."

Simu ipo, wakala yupo, Ocol yuko mbali, na aliyesimama kibandani ni Lawino mwenyewe. Ningemtambua hata bila jina. Tazama pia kilichompata kijana wa wakala: ndiye aliyelazimika kutoka nje. Hilo Okot hakuliandika, lakini limetoka katika shamba lake.

Sasa tumekwama kwa Clementine, na sina uhakika kwamba mimi ndiye wa kumwongoza binti huyu. Yote tunayojua juu ya Clementine yametoka kinywani mwa Lawino: midomo myekundu kama kidonda kibichi, poda usoni, kutaka kuonekana mzungu. Hatujawahi kumsikia akijibu. Ocol alipewa wimbo wake, Clementine hakupewa. Mwandishi atamheshimu vipi mhusika ambaye hadithi mama imemwonyesha kwa jicho la mke mwenza tu? Ukiyafuata maneno ya Lawino yote, unamwandika kinyago. Ukiyatupa yote, umeandika mwanamke mwingine na kumwita Clementine. Nilimwambia arudi kwenye vitu vilivyomo ndani ya shairi, asiongeze kwanza, avitazame tu kutoka upande wa pili, kama boga. Jana alinisomea mwanzo wa daftari la tatu. Clementine amesimama mbele ya kioo cha chumba cha kupanga, Kampala, asubuhi, anajiandaa kwenda kazini:

"Kidonda, anasema. Alinitazama mara moja tu, akaona kidonda. Hakuuliza kama kinauma."